Ni Nani Aliyesema? Kufundisha Uaminifu wa Utafiti na Utajaji wa Vyanzo katika Taaluma za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuwafundisha wanafunzi wa shahada za juu za Kiswahili kutafiti kwa uaminifu na kutaja vyanzo ipasavyo. Mwandishi anashikilia kuwa miongozo ya jumla ya vyuo, ambayo aghalabu hutungwa kwa kufikiria matini zilizochapishwa kwa Kiingereza, haigusi vya kutosha makosa yanayojitokeza katika taaluma yetu: tafsiri isiyotajwa, rejeleo la mkono wa pili linalojidai kuwa la mkono wa kwanza, na ufutaji wa majina ya Waswahili waliotoa maarifa. Mifano inatolewa kutokana na tungo za Muyaka bin Haji, Utendi wa Mwana Kupona, Desturi za Wasuaheli na makamusi ya Kiswahili. Makala yanaeleza pia mazoezi ambayo mwandishi ameyatumia darasani.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea sura ya tasnifu yake inayohusu nadharia. Ilisomeka vizuri kuliko sura iliyoitangulia, na hilo pekee lilipaswa kunishtua. Nilisoma bila wasiwasi hadi nilipokutana na maneno "kwenye mkono mwingine" pale ambapo Mswahili yeyote angesema "kwa upande mwingine". Nilirudi nyuma nikasoma upya, safari hii nikisikiliza lugha nyingine iliyokuwa ikisema chini ya Kiswahili chake. Kurasa nne nzima zilikuwa tafsiri ya kitabu cha Kiingereza cha utangulizi wa nadharia, aya kwa aya, mfano kwa mfano. Kitabu chenyewe kilikuwemo katika orodha ya marejeleo mwishoni, lakini ndani ya sura hakikutajwa hata mara moja. Programu ya chuo ya kupima ufanano wa matini ilikuwa imeipitisha sura hiyo bila alama yoyote ya kutia shaka.

Nilipomwita hakukana. Alinishangaa. "Lakini Mwalimu," alisema, "nimetafsiri mwenyewe. Wiki tatu!"

Nimelitafakari jibu hilo kuliko majibu mengi ya darasani. Yule kijana hakuwa mwongo. Kwake yeye, kilichomfanya mtu kuwa mwenye matini ni jasho, na jasho alikuwa amelitoa. Alikuwa amesoma mwongozo wa chuo unaokataza "kunakili kazi ya mwingine", naye hakuwa amenakili. Hakuna sentensi hata moja katika kurasa zile iliyopatikana kwingine kokote duniani. Tulimpa katazo, hatukumpa maelezo. Mtu aliyepewa katazo bila maelezo hutafuta mpaka wa katazo na kujenga nyumba yake hapo hapo mpakani.

Makala haya yanajaribu kutoa maelezo hayo. Hayajadili adhabu, kwa kuwa kila chuo kina kanuni zake. Yanajadili jambo linalotangulia adhabu: mwanafunzi wa Kiswahili anahitaji kuelewa nini ili atambue deni lake kwa waliomtangulia, na mwalimu afanye nini ili uelewa huo uingie mikononi, si vinywani tu.

2.0 Tafsiri Kama Pazia

Mwanafunzi wa isimu anayesoma na kuandika kwa lugha moja akinakili, maneno yaliyonakiliwa hubaki yalivyo na huonekana. Mwanafunzi wetu yuko katika hali tofauti. Sehemu kubwa ya nadharia anayoisoma imeandikwa kwa Kiingereza, naye anapaswa kuiandika kwa Kiswahili. Kila anapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, umbo la maneno hubadilika lote huku wazo, mpangilio wa hoja na hata mifano vikibaki vilevile. Tafsiri humpa sura ya uasilia bila ya yeye kufanya lolote la asili. Programu za kupima ufanano kwa kawaida hulinganisha mifuatano ya maneno. Mfuatano wa Kiswahili haufanani na wa Kiingereza, kwa hiyo pazia hilo hazilifunui kwa urahisi.

Ni vyema tuwaambie wanafunzi waziwazi kwamba deni lililopo ni la aina mbili. La kwanza ni deni la wazo: aliyeligundua, aliyelipanga, aliyelitolea mfano. Deni hilo halifutiki kwa kubadilisha lugha. La pili, ambalo husahaulika zaidi, ni deni la istilahi. Maneno kama kirai, kitenzi kisaidizi au kiambishi yalipendekezwa na watu, yakajadiliwa na kusanifiwa. Baraza la Kiswahili la Taifa limechapisha orodha za istilahi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Istilahi iliyokwisha kuenea haihitaji rejeleo kila inapotumika; hilo lingekuwa uchovu mtupu. Lakini mwanafunzi anapochagua istilahi moja kati ya mbili au tatu zinazoshindana, au anapochukua istilahi iliyopendekezwa na mwandishi mmoja tu, jina la mwandishi huyo ni sehemu ya taarifa. Na anapobuni istilahi yake mwenyewe, aseme hivyo pia.

Utaratibu ninaowapa ni huu. Ikiwa sentensi ya Kiswahili inafuata sentensi ya Kiingereza kiungo kwa kiungo, hiyo ni nukuu: itiwe alama za kunukuu, itajwe ukurasa, na yaandikwe maneno "tafsiri yangu". Ikiwa mwanafunzi ameliyeyusha wazo na kulieleza upya, alama za kunukuu hazihitajiki, lakini jina na mwaka vinahitajika. Tatizo ni kwamba wengi hudhani wameyeyusha ilhali wamebadilisha ganda tu. Kwa hiyo nawaambia: funga kitabu, toka nje, mweleze mwenzako wazo hilo kwa mdomo, tena kwa mfano wa Kiswahili ambao haumo kitabuni. Ukishindwa kumwelewesha, bado hujawa na haki ya kuandika kwa maneno yako, kwa sababu huna maneno yako.

Sharti la mfano wa Kiswahili ndilo lenye nguvu zaidi. Mwanafunzi anayeeleza dhana ya upatanisho wa kisarufi kwa mfano wa Kiingereza uliotafsiriwa atajikwaa mara moja, kwani ngeli zetu zitamkatalia. Lugha yenyewe humlinda asiibe, ikiwa mwalimu ataiachia nafasi.

3.0 "Wataalamu Mbalimbali" na Kitenzi Kisicho na Mtenda

Kiswahili kina njia nyingi za kuficha aliyesema. "Inasemekana", "inafahamika", "imebainika": kauli ya kutendeka na ya kutendwa humwondoa mtenda bila sentensi kulalamika. Katika hadithi, uficho huo una kazi nzuri. Katika tasnifu, huwa kichaka. Nimesoma aya nyingi zinazoanza kwa "Wataalamu mbalimbali wamekubaliana kuwa", na kila nilipouliza ni wataalamu gani, walikuwa mmoja. Mara nyingine hakuwa hata mmoja. Ilikuwa ni sauti ya mwalimu wa mwaka wa kwanza, iliyobaki masikioni baada ya madaftari kupotea.

Hapa inafaa tukiri kosa la upande wetu. Mihtasari tunayowapa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ile inayopigwa kivuli mwaka hadi mwaka, mara nyingi haina rejeleo hata moja. Tunawatajia aina za mofimu au sifa za utendi kana kwamba zilianguka kutoka mbinguni, kisha miaka minne baadaye tunawashangaa wanapoandika vilevile.

Vitenzi vya kuripoti navyo vinahitaji somo lake. Wanafunzi wengi hutumia "anasema" kwa kila kitu, na wakichoka nalo huweka "anadai" kama kisawe. Lakini "anadai" hubeba shaka ya mwandishi. "Anathibitisha" hukiri kuwa ushahidi umetosha. "Anakiri" huonesha kuwa msemaji ametoa jambo ambalo halikumpendeza. "Anapendekeza" huacha mlango wazi. Anayeandika kwamba mtaalamu fulani "anathibitisha" jambo ambalo mtaalamu huyo alilipendekeza kwa tahadhari, amemsingizia, hata kama mwaka na ukurasa ni sahihi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa zaidi kuliko kukosea nukta au mabano katika orodha ya marejeleo, ijapokuwa ni nukta na mabano tunayoyasahihisha kwa wino mwekundu.

4.0 Mkono wa Kwanza na Mkono wa Pili

Nitoe ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Katika tasnifu yangu ya uzamili nilimrejelea Sacleux kuhusu asili ya neno moja la lahaja za kaskazini, nikaweka maneno yake ya Kiingereza ndani ya alama za kunukuu na nambari ya ukurasa. Siku ya kuitetea, mtahini wa nje aliniuliza swali moja tu kuhusu ukurasa huo: "Sacleux aliandika kamusi yake kwa lugha gani?" Nilinyamaza. Kamusi ile, iliyochapishwa Paris kuanzia mwaka 1939, ni ya Kiswahili na Kifaransa. Sikuwa nimewahi kuishika. Nilikuwa nimeichukua nukuu kutoka kwa mwandishi mwingine, ambaye alikuwa ameitafsiri kwa Kiingereza na kusema hivyo katika tanbihi. Tanbihi sikuisoma.

Kosa la namna hii limeenea kwa sababu halionekani kuwa kosa. Mwanafunzi husoma katika kitabu kimoja kwamba Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu wa mwaka 1948, alikiweka Kiswahili katika kundi la G40. Kisha huandika "Guthrie (1948)" na kuendelea. Taarifa ni sahihi. Kilicho cha uongo ni dai lisilotamkwa: kwamba yeye amekifungua kitabu cha Guthrie. Rejeleo ni ushuhuda. Linasema, "Nilikwenda, nikaona, na wewe ukienda utaona." Shahidi aliyesimuliwa na jirani hasemi "niliona", husema "niliambiwa na fulani". Maneno "kama alivyonukuliwa na" ndiyo njia ya kusema hivyo katika maandishi ya kitaaluma.

Kwa nini wanafunzi huyaogopa maneno hayo? Kwa sababu sisi tumeyafanya yawe aibu. Mtahini akiona "kama alivyonukuliwa na" mara tano huandika kuwa mtahiniwa hakusoma vyanzo vya msingi. Mtahini huyohuyo hutazama urefu wa orodha ya marejeleo kabla ya kusoma sura ya kwanza. Mwanafunzi aliye mbali na maktaba kubwa, anayehitaji kitabu kilichochapishwa nusu karne iliyopita na ambacho nakala yake pekee chuoni imepotea, ana njia mbili: aseme ukweli na kuonekana mvivu, au adanganye na kuonekana msomi. Tukitaka achague njia ya kwanza, ni lazima tuache kuiadhibu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waeleze katika sura ya mbinu ni vyanzo gani hawakuvipata na walivitafuta wapi. Sijawahi kuona tasnifu iliyodhoofishwa na aya hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kwenda kwenye chanzo, isiyohusu maadili: makosa husafiri. Mwaka uliokosewa na mwandishi mmoja hurithiwa na kumi, na baada ya muda wingi wao huonekana kuwa uthibitisho.

5.0 Matini Zilizopitia Mikono Mingi

Hapa ndipo taaluma yetu inapohitaji adabu yake ya pekee. Hebu tuchukue rejeleo ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja: "(Muyaka, 1840)". Mwaka 1840 ni mwaka unaotajwa kuwa wa kifo chake. Hakuna kitabu cha Muyaka bin Haji kilichochapishwa mwaka huo. Tungo zake zilihifadhiwa vifuani mwa watu wa Mombasa; baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London. William Hichens akazitumia kuchapisha Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy huko Johannesburg mwaka 1940, kwa hati za Kirumi. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akachapisha Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka, chenye tungo, tafsiri ya Kiingereza na maelezo. Baada ya hapo zikaja diwani za shule na vitabu vya kiada vilivyochukua ubeti hapa na ubeti pale.

Mwanafunzi anayechambua mizani au msamiati wa ubeti mmoja wa Muyaka lazima ajue anachambua kazi ya mkono upi. Neno linalomvutia huenda ni la Muyaka, huenda ni la kumbukumbu ya aliyemsimulia Sikujua, huenda ni uamuzi wa mhariri aliyekuwa akisoma herufi za Kiarabu zisizoonesha baadhi ya sauti za Kiswahili kwa uwazi. Kusema "Muyaka anatumia neno hili" bila kutaja toleo ni kuwafuta watu wanne kwa mpigo mmoja, na kujinyima jibu la swali la kiisimu linalofaa kuulizwa.

Utendi wa Mwana Kupona unatufundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, na tarehe hiyo imo ndani ya utungo wenyewe. Alice Werner na Hichens waliuchapisha kama kitabu mwaka 1934, na J. W. T. Allen akauingiza katika Tendi mwaka 1971. Si lazima matoleo mawili ya utendi mmoja yalingane kwa idadi wala mpangilio wa beti, kwa hiyo "ubeti wa 30" bila jina la toleo ni anwani isiyo na mtaa. Lakini zingatieni pia alichokifanya mtunzi. Watunzi wengi wa tendi walitia majina yao, tarehe na hata hesabu ya beti katika beti za mwisho, na wanakili wa miswada nao mara nyingi walitia sahihi zao chini. Wanafunzi wanaoniambia kuwa kutaja vyanzo ni desturi ya kizungu tuliyotwishwa na vyuo huwa nawapeleka kwenye beti hizo. Mwambao huu ulikuwa na elimu iliyopokewa kwa kutaja nani alipokea kwa nani, na mwanachuoni asiyeweza kumtaja mwalimu wake hakupewa baraza.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Desturi za Wasuaheli. Kitabu hicho kilitolewa Göttingen mwaka 1903 na Carl Velten, na kwa miongo mingi katalogi za maktaba na tanbihi za wasomi zilikitambua kwa jina la Velten. Sehemu kubwa yake iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na Allen na kuchapishwa mwaka 1981 ililirejesha jina la Mtoro kwenye jalada, pamoja na "Waswahili wengine" walioshiriki. Hata hivyo bado nasoma tasnifu kuhusu jando au ndoa za mrima zinazosema, "Kwa mujibu wa Velten (1903), Waswahili walikuwa na desturi ya..." Kwa mujibu wa kanuni za urejeleaji, mwanafunzi hajakosea: amenakili kilichoandikwa katika katalogi. Kwa mujibu wa ukweli, amemfanya Mswahili aliyeandika juu ya watu wake kuwa malighafi ya mtu mwingine, kwa mara nyingine tena, na safari hii kwa mkono wa Mswahili mwenzake.

Ninachopendekeza ni kuandika "Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Velten (1903)". Ni maneno machache. Nimewahi kuambiwa na mhariri mmoja kuwa umbo hilo haliruhusiwi na mtindo wa jarida lake. Nilimjibu kuwa mtindo ni mtumishi.

Kinyume cha hayo, ukurasa wa jina wa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyoandaliwa na Kamati ya Lugha chini ya uongozi wa Frederick Johnson, unasema wazi kuwa msingi wake ni kamusi ya Madan. Ile ya Madan ilitoka mwaka 1903. Kamusi hujengwa juu ya kamusi, na hakuna ubaya katika hilo. Mwanafunzi wa leksikografia aoneshwe ukurasa ule kabla ya kuoneshwa kitomeo chochote.

6.0 Majina

Kwa ufupi, kwa kuwa jambo hili huleta usumbufu mkubwa kuliko uzito wake: mitindo ya urejeleaji tunayoitumia hudhani kila mtu ana jina la ukoo linaloweza kutangulizwa. Majina yetu mengi ni jina la mtu likifuatwa na la baba. "Mshamu, M. K." hamtaji Mwana Kupona, humtaja baba yake. Muyaka aorodheshwe chini ya M, kwa jina kamili, na hivyohivyo Mtoro. Kwa waandishi wa kisasa waliokwisha kuchagua namna ya kuyaandika majina yao, tuufuate uchaguzi wao. Shaaban Robert amekwisha kuingia katalogini chini ya R, na sioni faida ya kumhamisha. Kinachotakiwa ni msomaji ampate.

7.0 Watu wa Uwandani

Miongozo ya maadili ya utafiti husisitiza kuficha majina ya watoataarifa. Kwa utafiti mwingi hilo ni sahihi. Mtu anayetoa maoni kuhusu siasa ya lugha kazini kwake anaweza kudhurika, na msemaji anayeulizwa kama sentensi fulani inakubalika hatoi kazi ya sanaa. Kumtambulisha kwa msimbo, umri na mahali kunatosha. Lakini wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wameichukua kanuni hiyo bila kuipima, na matokeo yake ni tasnifu zenye nyimbo, ngano na mashairi ya watu walio hai yaliyoandikiwa "Mtoataarifa 7". Malenga aliyetunga wimbo, akauimba mbele ya watu, akajulikana kijiji kizima kwa ajili yake, anageuzwa nambari na mtafiti ambaye jina lake liko juu ya jalada.

Kuficha jina na kuiba jina hufanana sana kwa nje. Kinachotofautisha ni ridhaa, na ridhaa haipatikani bila kuuliza maswali mawili badala ya moja: "Je, unakubali niandike?" na "Je, ungependa utajwe?" La pili halimo katika fomu nyingi nilizoziona. Wapo watakaokataa. Somo la unyagoni, kwa mfano, anaweza kukubali kueleza mpangilio wa nyimbo lakini asitake ijulikane kuwa ni yeye aliyezitoa mbele ya wasiohusika; na baadhi ya nyimbo hatazitoa kabisa, na mwanafunzi anayezipata kwa njia ya mzunguko kisha akaziandika amekosa uaminifu hata kama kila tanbihi imekaa mahali pake.

8.0 Darasani

Nimejaribu mihadhara kuhusu wizi wa kitaaluma na sikuona ikibadilisha mengi. Mazoezi yamefanya kazi zaidi. Zoezi ninaloanza nalo ni la kufuatilia nukuu. Kila mwanafunzi hupewa nukuu moja kutoka katika tasnifu iliyokwisha kupita, nayo ni lazima aifuate hadi kwenye chanzo chake cha mwanzo: kitabu mkononi, ukurasa wazi. Huripoti kwa wenzake alichokikuta. Wengine hukuta kila kitu sawa. Wengine hukuta ukurasa usio na maneno hayo, au maneno hayo yakiwa yamesemwa na mtu mwingine ambaye mwandishi alikuwa akimpinga. Tasnifu zinazotumika huondolewa majina, na miongoni mwake huwa naiweka ile yangu ya uzamili, nayo nailetea na jina. Darasa hucheka sana siku ya Sacleux.

Zoezi la pili ni shajara ya usomaji. Katika daftari, kila dokezo hutiwa alama moja kati ya tatu: maneno ya mwandishi kama yalivyo, wazo la mwandishi kwa maneno ya mwanafunzi, na wazo la mwanafunzi mwenyewe. Wizi mwingi niliouona haukufanywa siku ya kuandika. Ulifanywa miezi sita kabla, siku dokezo lilipoandikwa bila alama. Shajara huja nayo kila tunapokutana, na mimi huisoma kabla ya kusoma sura. Usimamizi wa namna hii huchukua muda. Msimamizi mwenye wanafunzi kumi na watano hawezi kuufanya, na ni haki tuseme hivyo kwenye vikao vya idara badala ya kuulaumu uvivu wa vijana peke yake.

Tangu programu za akili mnemba zilipoenea, zoezi la kwanza limepata umuhimu mpya. Programu hizi huweza kutunga rejeleo lenye jina la mwanazuoni halisi, jarida halisi, mwaka, juzuu na kurasa, ilhali makala yenyewe hayapo. Wanafunzi wangu wameyaita "marejeleo hewa", kwa mfano wa wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara bila kuwepo, na sina istilahi bora. Hatuna haja ya kuwa wapelelezi wa nani ametumia programu gani. Dai ni lilelile la siku zote: nioneshe ukurasa.

Yule mwanafunzi wa wiki tatu sikumpeleka mbele ya kamati. Sura ilikuwa rasimu, haikuwa imewasilishwa, nami nilijihesabu kuwa na sehemu katika kosa lake. Mwenzangu mmoja idarani aliona nimelegea, na hadi leo hatujakubaliana. Alisema kwamba aliyeachwa leo atakuwa mhadhiri kesho. Nilimtaka aanze sura upya na kitabu kikiwa kimefungwa. Kurasa nne zilipungua zikawa moja na nusu. Ndani yake mlikuwa na nukuu mbili zilizotiwa "tafsiri yangu", sentensi moja iliyokiri kuwa dhana ya tatu katika nadharia ile hakuielewa jinsi inavyoweza kutumika kwa data ya Kiswahili, na mfano aliouchukua kwa bibi yake, fumbo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Chini ya fumbo alikuwa ameandika "chanzo: mwandishi". Tulikaa ofisini hadi magharibi tukijadili mstari huo mmoja. Kisha alimpigia simu bibi yake kumuuliza kama angependa atajwe, na bibi akauliza kwanza kitabu chenyewe kitasomwa na nani.